Nusu ya Mlango

Jumatatu baba alichora kitasa tu.
Kitasa cha shaba, kikubwa kama sufuria ya pilau,
juu ya ubao mweusi, bila jina la picha, bila bei.
Akauegemeza kwenye nguzo, Barabara ya Nane, Ngamiani,
akapanda baiskeli, akaondoka
kama mtu aliyesahau mzigo.

Jumanne aliongeza mwanga chini ya mlango,
mstari mwembamba, rangi ya samli.
Jumatano, kivuli cha viatu viwili ndani ya ule mwanga.
Mafundi cherehani wakaacha kushona.
Bi Mwanshamba wa maandazi akaapa ni viatu vya kike.
Mpemba wa dukani akasema hapana, tazama kisigino.
Wakaanza kupita Barabara ya Nane
watu wasio na haja nayo.

Nilikuwa na miaka tisa, mshika kopo la tapentaini.
Nikamwuliza: kisu utakichora lini?
Akacheka. "Kisu kila mtu anacho jikoni.
Ukimwonyesha kisu umempa jibu.
Mwonyeshe mlango, kisha mwache na akili yake.
Akili ya mtu ina kisu kirefu kuliko changu."

Alhamisi ndipo yalipokuja maneno, kwa chokaa:

Mwenye moyo wa mashaka, na akae na mamaye,
ajuaye ya hakika, asimwambie nduguye.

Na ya hakika hakuna aliyeyajua. Hata yeye.
Bwana Kassamali, meneja, alimwonyesha picha mbili tu,
mezani, kama karata, akazifunika upesi.

Ijumaa tukajaa hadi ngazini.
Senema ilikuwa moja, kumbi mbili:
sisi Ngamiani, wao kule upande wa bandari.
Wakimaliza mkanda, Mhando anaufunga nyuma ya baiskeli,
anakanyaga hadi kwetu, jasho na kengele.
Ukaja wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.
Katika wa nne mwanamke yuko kitandani,
saa ya ukutani inatafuna,
muziki umekatwa ghafla,
na hapo nikajua kwamba kimya nacho hupigwa, kama ngoma.
Kitasa kikazunguka.
Robo.
Nusu.
Kitambaa kikawa cheupe.

Tukangoja mkanda wa tano.
Tulingoja bila miluzi, jambo ambalo Ngamiani halijapata kutokea.
Mtu akakohoa, safu nzima ikaruka.
Mlango wa ukumbi ukalia kwiii,
watu mia tatu tukageuka kwa shingo moja:
muuza karanga. Naye, kwa kuona macho yetu,
akaangusha sinia.

Mhando alipasukiwa na mpira penye reli.
Alipofika akisukuma, umeme ulikuwa umekwenda zake,
na asubuhi makopo ya mikanda yalipanda treni ya Moshi.
Tanga, waja leo waondoka leo.

Hakuna aliyedai fedha yake.
Wiki ile makomeo yaliisha dukani kwa Mpemba.
Bi Mwanshamba na mumewe walinuniana mfungo mzima
kwa sababu ya kisigino.
Baba, kila alipoulizwa ni nani aliyekuwa nyuma ya mlango,
alijibu, "Mimi nachora tu,"
kisha ule ubao akaufanya mlango wa choo chetu.
Usiku, miaka kumi na mmoja,
nilibisha hodi kwenye kitasa cha rangi kabla ya kuingia,
na sikuwahi kuwa na hakika kwamba hapatajibiwa.

Juzi mjukuu wangu Semboja ameipata ile picha kwenye simu.
Tumeitazama barazani, Makorora, kioo kidogo kama kiganja.
Kitanda kilekile. Saa ileile.
Mwanga wa samli, viatu viwili;
baba alipatia, hata kisigino.
Robo.
Nusu.
Nikaweka kidole, ikasimama.

"Bibi, mbona umezima? Zimebaki dakika tisa."

Sijazima, nikamwambia.
Namngoja Mhando.