Ua Wangu, Ua Langu

Mwajabu, jana kwenye simu ulicheka,
ukauliza: hayo maua yako, yanaungwa kwa nazi?
Nikanyamaza. Kuna maswali hayajibiki
huku mtu anakokota ndoo ya kudekia wodi.
Leo nina zamu ya usiku, mchana ni wangu.
Shika kalamu, nikusomee hesabu.

Ua wangu hapa Longton ni hatua saba kwa nne,
nusu saruji, nusu udongo mweusi wa masizi.
Mji huu ulichoma vyombo miaka na miaka;
tanuri zikazimwa, moshi ukabaki ardhini.
Kila nikichimba naibua vigae:
mkono wa birika,
kipande cha kikombe chenye mti wa buluu,
nusu ya ndege.
Sikuvitupa. Vimelala chini ya vyungu
ili matope yasizibe tundu.
Bei: sifuri.

Vyungu vyenyewe? Nyuma ya lango la kiwanda
huweka nje vilivyokwenda upande motoni.
Nikabeba mabakuli ya supu, yamepinda midomo.
Mlinzi akauliza, kwani una wageni wangapi?
Arobaini, nikamwambia,
na wote wanakunywa maji matupu.

Jumamosi usiku, duka kubwa likikaribia kufunga,
hubandika karatasi ya manjano kwenye vinavyokufa.
Hapo ndipo sokoni kwangu.
Lavenda iliyonyauka, peni hamsini.
Waridi: kijiti, miiba, na lebo iliyosema "jekundu".
Pauni moja na nusu.
Dalia tatu, viazi vyake vimekunjamana
kama vidole vya mfua nguo. Pauni mbili.
Mbegu za alizeti, peni tisini,
nikazilaza dirishani katika trei za mayai,
nikazinywesha maji yaliyooshea mchele.

Bi Maureen Colclough, mlango wa pili,
huniita bata. Usinune, huku ni neno la mapenzi.
Aliniletea vipandikizi vya jeraniamu
ndani ya soksi mbichi ya marehemu mumewe,
akanionyesha pa kukata, chini ya kifundo.
Nikampa chapati nne.
Hiyo niiandikeje? Unga una bei,
lakini chapati zilikwisha siku ileile,
jeraniamu bado zinazaa.

Kisha mvua, na konokono wasio na nyumba,
kana kwamba saruji imewatapika.
Asubuhi moja alizeti kumi na moja zilibaki vishina.
Nikakumbuka neno letu lina mlango wa tatu:
ua wangu, ua langu, na — ua!
Nikatoka na tochi na kijiko.
Sikuweza, dada. Nikawajaza kwenye kopo,
nikawamwaga kando ya reli
wakale magugu ya serikali.

Mwezi Mei redio ikatangaza jalidi.
Nikavua shuka la kitanda, lile la maua,
nikayafunika maua,
mimi nikalala na koti la kazi.
Alfajiri shuka lilisimama lenyewe kama ubao.
Andika hasara: dalia moja,
na kwa ajili ya maua, mafua ya siku tano.

Lile waridi? Mwaka mzima lilikuwa kijiti.
Ling'oe, bata, akasema Maureen. Nikasema kesho.
Kesho ikawa Juni, likafunguka,
na si jekundu hata kidogo:
rangi yake ni ya papai lililoiva upande mmoja.
Nimedanganywa. Sijaenda kudai pesa yangu.

Jumla, pauni nne na peni tisini.
Pesa yenu ya mwezi sikuigusa.
Na hapana, hayaungwi kwa nazi.
Ila ungeniona nikirudi saa moja asubuhi,
miguu inawaka, funguo bado mkononi,
napita jikoni bila kuwasha birika,
naenda uani na koti langu
kuhesabu upya.