Kabati la Kuzunguka

Baba alinirithisha gari, deni la kinu,
na mlango huu usiofunguka.
Kila Alhamisi, kabla jua halijafika
kwenye viota vya korongo juu ya mnara,
navuta kamba.
Ndani kengele ndogo inakohoa,
kisha nyayo, raba, si ngozi,
kisha sauti:
"Salamu Maria, msafi kabisa."
"Mkingiwa dhambi ya asili," najibu,
ndipo tunaanza kubishania bei ya unga.

Kati yetu kuna kabati la mjozi, duara kama pipa,
limekatwa ubavu mmoja,
linazunguka juu ya msumari wa chuma.
Naweka mfuko. Nasukuma. Dunia inageuka nusu.
Mikono nisiyoijua inapokea,
kabati linarudi na visanduku
vya vitamutamu vya viini vya mayai,
stakabadhi kwa mwandiko wa penseli,
na safari moja, mwaka niliomzika mke wangu,
leso iliyopigwa pasi,
bila neno.

Miaka thelathini na mmoja.
Naijua mafua yake ya kila Novemba.
Najua hucheka kwa kupitia puani.
Najua kwao ni milimani, kaskazini,
maana theluji huiita kwa jina jingine, la kuidekeza.
Jina: Sista Obdulia.
Uso: sina.
Nilimpachika wa kuazima,
pua ya shangazi yangu,
macho ya mwanamke aliyekata tiketi
stesheni ya Palencia, nilipokuwa mwanajeshi.

Watalii huja saa sita, hupiga picha lango,
lile tao kuukuu, yule simba asiye na taya.
Kiongozi wao huwasimulia binti mfalme
aliyezikwa chini ya madhabahu.
Hawaambii kwamba paa la jiko huvuja juu ya tanuri,
wala kwamba maharusi wa mji huu
bado huleta mayai dazeni nzima
ili mvua isiwanyeshee siku ya ndoa,
na mvua hunyesha, na mayai hayarudishwi.

Walikuwa kumi na tisa.
Sikuambiwa; niliwahesabu kwa unga.
Magunia manne. Matatu. Moja na nusu.
Mwaka huu kilo kumi, na zikabaki.
Unga haujui kuficha msiba.

Alhamisi ya mwisho ya Machi nikakuta mlango wazi.
Mlango ule.
Nilisimama mbele yake kama ulimi
unaopapasa pengo la jino.
Nje basi dogo jeupe, injini inanguruma;
walikuwa wanahamishiwa nyumba nyingine, yenye lifti.
Na barazani watawa wanne,
masanduku ya plastiki miguuni,
wamekunja nyuso kwa jua.

Nyuso nne. Za kawaida. Moja ina sharubu kidogo.
Hakuna hata moja yenye pua ya shangazi.

Nikaona haya, kama niliyefumania watu wakioga.
Nikageukia ukuta, nikafumba macho,
nikaliambia jiwe:
"Mkingiwa dhambi ya asili."
Nilianza na jibu; kuanza sikuwahi kufundishwa.

Kimya. Juu, korongo akagonganisha mdomo.
Kisha nyuma yangu, kushoto kidogo,
kwa kupitia puani:
"Eutimio, umechelewa dakika tano."

Sikugeuka.
Nikamwambia unga umepanda senti mbili.
Akasema huo ni wizi.
Nikamwambia mwenye kinu ndiye mwizi, si mimi.
Akasema wezi wote husema hivyo,
na sauti yake ikapanda ngazi za basi, moja, mbili,
ikapumzika, tatu.

Nilipofumbua macho, vumbi lilikuwa limeshakata kona.
Niliingia. Hakuna aliyenizuia.
Nikasimama upande wake wa kabati,
nikatafuta mahali pa kusukuma.
Mbao imelika pale kiganja kilipokaa miaka yote,
shimo laini kama bakuli,
na liko chini, chini sana kuliko nilivyodhani.

Kumbe alikuwa mfupi.