Sigaa ya Dola Sitini na Nane

Bwana Gosselin aliitoa kabatini kwa vidole viwili,
kama mkunga mwenye habari,
akaniambia jani la nje limelala gizani miaka mitano.
Mimi nimelala miaka thelathini na moja chini ya mabasi ya jiji,
nikifunga breki, nikifungua breki,
na hakuna aliyenipandisha bei.

Sitini na nane. Nilizihesabu noti mara mbili,
si kwa kutomwamini yeye.
Nilitaka mkono wangu ushuhudie.

Winnipeg, Januari. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
theluji inalia chini ya viatu kama bawaba kavu,
na Darka hataki moshi ndani ya nyumba.
Basi nikakaa gereji, kwenye kiti cha kukunja,
hita ya umeme miguuni,
kati ya matairi ya kiangazi na mashine ya kukatia nyasi
iliyokufa tangu Septemba.

Nilikata kichwa chake kwa kisu cha kumenyea viazi.
Gosselin asisikie.
Kiberiti cha kwanza kilizimika. Cha pili.
Cha tatu kikashika, na ncha ikafumbua jicho jekundu.

Mvuto wa kwanza: ngozi ya tandiko.
Wa pili: kahawa iliyosahauliwa jikoni,
kisha kitu kitamu nisichokijua jina,
nikakizungusha mdomoni kama mtoto mwenye pipi ya kuazima.
Wa tatu sikuuonja. Nilikuwa napiga hesabu:
inchi sita, dola kumi na moja na senti kila inchi.
Hapo majivu yalipofika, kuku mzima ameshateketea.

Baba yangu alisokota tumbaku kwa gazeti
pembeni mwa shamba la viazisukari vya watu,
akavuta bei za ngano, akavuta matangazo ya vifo,
akayakohoa yote.
Hakuuliza kamwe kama inafaa.
Aliuliza kama imebaki.

Wanasema kizuri chajiuza.
Uongo. Hiki kiliuzwa na mkanda wa dhahabu,
na sanduku la mwerezi, na Gosselin aliyeshusha sauti.
Lakini nilipoigeuza kwenye taa sikuona mshono.
Mtu fulani, katika joto nisilolijua,
alilikunja jani hili bila mshipa mmoja kusimama.
Mimi ni fundi. Naijua kazi isiyoonekana:
breki nzuri ni ile abiria asiyoitambua.

Katikati ya sigaa mlango ukagongwa.
Crisanto, jirani, koleo la theluji mkononi, pua mbele.
“Inafaa?”
“Jaribu.”
Akaivuta hadi kifuani, mjinga, machozi yakamtoka,
akasema: kama kanisa lililoungua na mikate ndani.
Hakusema kama hiyo ni sifa.

Akaenda zake. Na ndipo, sijui niseme vipi,
kwa dakika labda kumi sikuhesabu kitu.
Majivu yalisimama urefu wa kidole, hayaanguki.
Goti halikuuma, au liliuma bila mimi.
Moshi ukapanda hadi kwenye baiskeli ya binti yetu,
inayoning'inia juu tangu ahamie Halifax,
ukapita katikati ya spoku, ukakaa hapo
kana kwamba umefika.

Kisha majivu yakaanguka kwenye suruali.

Theluthi ya mwisho ilikuwa chungu, nasema kweli. Chungu na moto.
Mwenye akili angeiacha.
Mimi niliivuta mpaka ikaniunguza kidole,
maana dola kumi na moja ni dola kumi na moja.

Usiku Darka akafungua daftari la matumizi.
*Anasa*, akaandika. Kalamu ikasimama.
Akaninusa shingoni, akakunja uso, akanusa tena.
Akakata neno.
Akashuka mistari miwili, penye mfereji wa paa na bomba la jikoni:
*matengenezo, 68.*

Sikumuuliza.
Koti lilinuka hadi Aprili.