Mwanga, kwa Maana Zote Mbili

Lugha yetu hapa ilifanya uchoyo,
ikalitwika neno moja mizigo miwili:
mwanga, kinachotoka kwenye taa,
na mwanga, anayetoka usiku kuwanga,
uchi, juu ya makaburi ya watu.
Mtoto wa Mtambwe hakufunzwa kuwatenga.
Aliambiwa tu: ukiuona, ingia ndani.

Nasi tuliuona.
Msimu wa karafuu, mwezi haupo,
maji yamekupwa, mikoko imepiga magoti matopeni,
kitu chekundu kilitokea upande wa magofu,
kikateremka, kikasita,
kikateremka tena,
kama mtu aliyeangusha pete.

Bibi Mize alifunga dirisha kwa komeo
na kwa Ayatul Kursiy.
"Usiunyooshee kidole, kitaoza.
Usizihesabu hatua zake, nao utakuhesabia miaka yako."
Ni mweka hazina wa mji wa kale, alisema,
anahesabu fedha za mfalme wake;
kila akikaribia mwisho hukosea,
huanza upya.
Na Kibwana wa Daya je, si aliufuata?
Si aliokotwa alfajiri amekaa juu ya mchu,
anacheka peke yake,
viatu vikavu?

Baba hakusema neno.
Faki Shaame, baba yangu, alinukia karafuu
mwaka ambao mikarafuu yetu haikuzaa.

Nimeishi na harufu ile miaka thelathini
bila kuiuliza ilitoka wapi.

Baada ya arubaini yake nilifagia ghala.
Nyuma ya majamvi, chini ya pishi iliyotoboka,
palikuwa na chemli.
Kioo kizima. Utambi umekauka kama ulimi.
Na kioo kimevikwa kitambaa chekundu,
kipande cha kanga, jina limekatwa katikati:
USILOLIJ

Nilicheka kwanza.
Nikaona magunia vichwani mwa watu, usiku,
wakivuka tope kabla maji hayajajaa,
na chombo ng'ambo kikingoja,
kwa kuwa Shirika lilinunua kwa bei ya Shirika
na askari wa magendo walilala Wete, si Mtambwe,
na kijiji kizima kilikuwa ndani, komeo limepigwa,
kikimkimbia mweka hazina.

Kisha nikakigeuza kitambaa.
Ukingo wake ulikuwa umepindwa kwa mkono,
mshono unaokwenda hatua mbili, unarudi moja.
Nguo zangu zote za skuli zilishonwa hivyo.

Bibi.

Basi ule mkono uliotetemeka kwenye komeo,
nilioukumbatia nikidhani tunaogopa pamoja!
Mimi niliuogopa mwanga.
Yeye alimwogopea mwanawe.

Kibwana bado namfikiria.
Huenda alilipwa acheke.
Huenda aliona ni nani aliyeshika taa, akacheka kweli.
Lakini hakuacha, hata alipooa, hata msibani kwa mamake,
na hilo hakuna kanga iliyonifafanulia.

Siku hizi tuna umeme uliopita chini ya bahari,
tuna mnara wa simu unaokonyeza usiku kucha
na haumtishi hata kuku.
Jana Time, mke wa jirani, alibisha hodi.
Akaniomba taa ya zamani kama ninayo.
"Umeme unakatika sana," alisema.
Haukuwa umekatika wiki nzima.
Alinukia. Na shamba lao, mwaka huu,
nimelipita mwenyewe, ni majani matupu.

Nilimpa chemli.
Kitambaa sikukitoa.
Wala yeye hakuuliza cha nini.

Usiku huu mjukuu wangu yuko dirishani,
pua imebanwa kwenye wavu wa mbu.
"Bibi, kuna kitu chekundu kule magofuni.
Kinashuka. Kimesimama."

Nanyoosha mkono kwenye komeo.
Unatetemeka; sijui umejifunza lini.
"Usikinyooshee kidole," namwambia,
na sauti inayotoka si yangu,
inakwenda hatua mbili,
inarudi moja.