Fundo la Mwisho

Depei anapima kisima kwa kamba yenye mafundo.
Mwaka juzi maji yalikuwa fundo la tisini.
Leo kamba imekwisha,
jiwe halijalowa.

Ng'ambo, mchanga wa Tengger unapokoma,
ghorofa zinapanda. Ofisini wameandika:
mji huu una nafasi ya watu laki mbili zaidi.
Nafasi, kweli, ipo.

Usiku dada yake anapiga simu toka Suzhou.
"Mvua siku ya kumi na moja," Yunzhi analalamika,
"viatu vimeota ukungu, na mfereji
umegeuka kijani, hatunawi hata miguu.
Nikutumie nini?"

Depei anaitazama ndoo.
"Weka simu dirishani," anasema.
"Usiseme kitu.
Iache hapo kidogo."