Perike ya Zamu

Tuliinunua Kadutu, kwa muuza mitumba,
naye akatupunguzia franka elfu tatu
kwa sababu Cibalonza alivua kitambaa pale pale sokoni:
"Papa, hata embe likinyonywa
kokwa hubaki na nyuzi. Mimi je?"

Perike moja, vichwa vitatu.
Tukaanzisha likelemba katika daftari la Nsimire,
lile la wadeni wa sambaza:
Jumamosi hii Cibalonza, ana harusi Nguba.
Jumapili ijayo mimi, komunyo ya mjukuu.
Nsimire hakutaka zamu. Alisema kichwa chake
kimeshazoea upepo wa ziwa, na watoto wa binti yake
wamekifanya ngoma, tena wanajua kupiga.
Wiki ya pili akaiazima kwa dakika tano.
Alirudi nayo Pasaka.

Alhamisi tunakaa kwenye benchi la hospitali,
lile lenye mguu mmoja mfupi. Mnene wetu hukaa katikati.
Dawa nyekundu ikining'inia tunaiita Vitalo.
Siku niliyokojoa nyekundu nikapiga ukelele chooni,
wakanijibu kupitia mlango:
"Usisahau kurudisha chupa!"

Titi langu la kulia nimelishona mwenyewe:
mtama, robo kopo, ndani ya soksi ya marehemu Byamungu.
Sasa yuko pale alipopapenda siku zote.
Mvua ilinikuta kwenye mteremko, njia ikawa ute,
nikafika nyumbani nimelowa hadi soksi,
na siku ya nne titi likaanza kuota.
Nsimire akachungulia kifuani mwangu
kama mtu anayekagua shamba la jirani.
"Usipalilie kwanza," akasema.
"Tuone ni mbegu ya nani."

Mchana tuko hivyo.

Usiku, saa nane, mkono unavimba
hadi pete inageuka mdomo unaouma.
Taa za Rwanda zinawaka ng'ambo, hapa umeme umekatika.
Nambipu Nsimire mara moja. Hapokei.
Ananibipu na yeye: maana yake, niko macho.
Bip mbili ni kwamba nimetapika lakini nimecheka.
Bip tatu ni njoo.
Tatu hatujapiga bado, hakuna kati yetu.
Ila simu hulala chini ya mto, na viatu mlangoni.

Mashine ya miale, tuliambiwa, iko ng'ambo.
Tukapiga picha za karatasi za njia kule Nyawera,
mchana mmoja, tukivishana nywele nyuma ya pazia
huku mpiga picha akiuliza mnacheka nini.

Mpakani Ruzizi afisa akapanga karatasi tatu mezani.
Akatutazama: vitambaa vitatu.
Akatazama picha: njia ya nywele ile ile upande wa kushoto,
msokoto ule ule juu ya jicho.
"Ninyi ni ndugu?"
"Tumbo moja, afande," akasema Cibalonza,
ambaye ni mrefu kama mlingoti, na mimi nafika kwapani mwake.
"Na hizi nywele?"
Nsimire akafungua mfuko wenye bugali ya safari,
akaitoa, akaipangusa unga,
akailaza mezani taratibu kama kuku anayeatamia.
"Huyu ndiye mama."

Yule kijana alijitahidi. Alikunja uso, akakohoa,
mwishowe akapiga muhuri kichwa chini, miguu juu,
na hadi leo karatasi yangu inasomeka kwa kusimama kwa mikono.

Daraja tulilivuka kwa miguu.
Ilikuwa zamu yangu, daftari lasema hivyo,
lakini Nsimire alikuwa akitetemeka, na jua linawaka.
Nikamvika. Ikamkalia vibaya,
ikashuka hadi puani, ikaziba macho yote mawili.
Hakuiondoa. Akapapasa hewa, akaupata mkono wangu,
ule usiovimba.

"Niongoze polepole," akasema.
"Siioni Rwanda."