Shibiri na Vidole Vinne

Shebe ameniazimia tufe la shule,
la bati, limebonyea kusini mwa India.
Mombasa imeliwa na kutu.
"Bibi, sisi hatumo."
Hatumo, namwambia, lakini weka kidole hapo kutuni,
tusipotee.

Leo sipimi bega wala kiuno.
Nimekata uzi mweusi, ule wa mabuibui:
ncha moja juu ya Mwanamkasi, Toronto,
atokapo zamu ya usiku hospitalini;
ncha ya pili juu ya Twaha, Guangzhou,
ahesabupo maboksi ya vigae.
Mwaka wa sita hawasemezani.
Kiwanja cha Mtwapa, futi hamsini kwa mia,
na kisima kisicho maji.

Nilidhani uzi utapita huku kwetu,
angalau uguse paa.
Shebe akauvuta ukakaza,
ukateleza wenyewe, ukapanda, ukapanda,
hadi kule juu kulikopakwa nyeupe.
"Hiyo ndiyo njia fupi, Bibi.
Ndege hupita juu ya barafu."
Nikanyamaza. Mtoto yuko gredi ya sita,
hajui alilolisema.

Shibiri moja na vidole vinne.
Kwa tepu, inchi kumi na moja na nusu.
Shebe akazidisha, akakosea, akafuta kwa mate,
akazidisha tena:
kilomita elfu kumi na mbili na mia tano,
zaidi kidogo.
Na uzi wenyewe
hautoshi mkono wa kanzu ya mtoto wa miaka mitatu.

Sasa pima tena, nikamwambia,
uzi upitie kutuni.

Inchi kumi na tisa na nusu.
"Mbali mno, Bibi. Hakuna rubani atakayekubali."

Rubani hakuwazaa.
Rubani hakuwalaza mzungu wa nne
kitanda kimoja cha kamba hapa Kibokoni,
kisigino cha huyu shavuni mwa yule,
wakigombea shuka hadi adhana ya alfajiri,
nami nikiwafinya wote wawili kwa mkono mmoja,
gizani, bila kuwasha taa.

Ndege ya alasiri imepita ikishukia Port Reitz,
vikombe vimegongana kabatini.
Shebe amebeba tufe kwapani, amekwenda zake.
Uzi ninao mdomoni.
Uzi mzuri hautupwi.

Nimetoa sandukuni kanzu aliyoiacha Twaha,
kifungo cha shingo kilining'inia; nimekishona.
Sikukata.
Kwa uzi uleule nimeshika upindo wa leso ya Mwanamkasi,
ile iliyochanika siku ya mazishi ya baba yao,
nikapiga fundo mwishoni, kwa meno.

Zimekaa kitini pamoja.
Ukiinua moja
ya pili yaja.